Udongo wa mlimani Rubanda unatoa povu ukimwagiwa siki. Ni chokaa kweli au dalali ananichezea?

#1 Mkiga wa Juu
Wadau, habari za leo. Nina shamba huku Rubanda, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na kilele, mteremko ambao kiazi kikikuponyoka unakiokota kwa jirani. Udongo ni haba. Sehemu nyingi jembe linagonga mwamba kabla halijazama lote. Mawe yake ni bapa, membamba, na mengine yanachanika kwa matabaka ukiyabana kwa vidole.

Kuna kipande kimoja hapo juu ambacho hakifanani na kwingine. Udongo wake ni wa kijivu, ukigeuza mawe unakuta utando mweupe, na maharage yakianza tu kuchangamka yanageuka manjano. Chini yake kidogo viazi vinastawi bila taabu.

Juzi akaja dalali na kichupa, akadondoshea udongo, ukatoa povu. Akasema mlima wote huu ni chokaa, kuna watu wa saruji wanautafuta, nimuuzie yeye kwanza. Bei aliyotaja haitoshi kununua kiwanja cha choo. Alipoondoka nikachukua siki jikoni nikajaribu. Povu lipo, dogo lakini lipo.

Maswali yangu: eneo letu hili la Kigezi kuna chokaa? Na udongo wa namna hii, mawe mengi, chokaa, mteremko mkali, unafaa kulimwa nini?

#2 Dereva wa Malaba
Muuzie haraka kabla mvua haijaupeleka kwa jirani bure 😂

#3 Binti Tororo
Chokaa tuulizeni sisi tuliozaliwa chini ya mwamba wa Tororo. Kwa Uganda chokaa inajulikana iko wapi: Tororo, Hima, Dura, Muhokya, na marumaru ya Kosiroi kule Moroto. Kigezi haimo. Rubanda mnajulikana kwa chuma cha Muko. Huyo dalali angekudanganya kwa chuma ningemwelewa.

#4 Mwalimu wa Jiografia
Nijibu la kwanza. Milima ya Kigezi ilikuwa tope na mchanga uliotuama chini ya maji zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ukagandamizwa, ukapikwa na joto la ardhini, ukakunjwa. Ndiyo maana mawe yako yanachanika kama kurasa. Ni mkanda wa miamba ya Karagwe-Ankole, unaingia mpaka Rwanda, Burundi na Tanzania. Kwa jumla miamba hiyo ni maskini wa chokaa.

Halafu kuna mvua. Kabale inapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Maji ya mvua yana uchungu kidogo, yaani asidi, kwa sababu ya hewa ya kaboni, yakipita kwenye udongo yanayeyusha chokaa na kuishusha chini mpaka mtoni. Ndiyo maana udongo wa Kigezi mwingi ni wa uchungu, na bwana shamba kila siku anawaambia muongeze chokaa. Ajabu iwe mmoja wenu anayo ya bure.

Weupe unaweza kuwa udongo wa kaolini. Huo hautoi povu hata uumwagie nini.

#5 Mzee wa Muhokya
Mwalimu #4, umesema kweli nusu. Mvua inashusha chokaa, sawa, lakini hiyo ni kwenye udongo uliotulia. Kwenye mteremko mkali udongo hautulii. Kila msimu mvua inachukua wa juu, mwamba mpya unajitokeza, unapasuka, unakuwa udongo mwingine. Kama mwamba una chokaa hata kidogo, haipati muda wa kuisha. Ndiyo maana nchi nyingi udongo wa chokaa unaukuta kwenye mabega ya vilima, wenye mawe na kina kifupi, wakati ule wa bondeni umeshaoshwa au chokaa yake imezama mbali.

Kwa hiyo mteremko wenyewe si ushahidi dhidi yake. Mteremko unamsaidia.

#6 Mwalimu wa Jiografia
#5 umesema mwenyewe, "kama mwamba una chokaa." Hapo ndipo penye kazi.

#7 Kijana wa Kisoro
Binti Tororo #3 umetuacha nje. Kaku, Kisoro, watu wamechoma chokaa miaka na miaka. Na Kisoro ni Kigezi. Ongeza kwenye orodha yako.

#8 Binti Tororo
#7 sawa, Kaku naiongeza. Lakini Kaku iko upande wa volkano, si kwenye mawe ya matabaka ya Rubanda. Kilima cha huyu bwana bado kina kesi.

#9 Fundi wa Maabara Mstaafu
Kabla hamjafika mbali, hebu tuhakikishe povu ni povu.

Udongo mkavu ukiumwagia chochote, hata maji ya kunywa, unatoa mapovu. Ile ni hewa iliyokuwa imejificha ndani ya punje, inasukumwa nje. Watu wengi wanadanganyika hapo, na madalali wanapajua. Fanya hivi: chukua kijiko kimoja cha udongo, weka kwenye kisahani cheupe, loanisha kwa maji safi mpaka mapovu yaishe kabisa. Subiri. Halafu dondoshea siki pembeni, si katikati, uinamishe sikio. Chokaa ikiwa kidogo utaisikia kabla hujaiona, mlio mwembamba wa kuchemka. Ikiwa nyingi utaona povu linapanda na kukaa.

Rudia na jiwe. Likwaruze kwa msumari upate unga, kisha dondoshea kwenye unga. Jiwe zima lina uso mgumu, kuna aina ya chokaa yenye magnesi inaitwa dolomaiti ambayo ikiwa nzima inanyamaza, ikisagwa inajibu polepole.

Maabara tunatumia asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji mengi. Siki ya dukani ni dhaifu, kwa hiyo povu dogo la siki si lazima liwe na maana ya chokaa ndogo. Na tafadhali, mtu asiende kufungua betri ya gari. Asidi ile inakula macho.

#10 Dereva wa Malaba
#9 mzee umenikamata, nilikuwa nimeshaanza kuitazama betri.

#11 Mama Lusern
Swali dogo kwa #1: kwenye hicho kipande kunaota magugu gani? Kangaga ikiwepo, sahau chokaa. Kangaga inapenda udongo mchungu.

#12 Mkiga wa Juu
Asanteni. Nimefanya alivyosema Fundi #9. Nimeloanisha, nikangoja, hakuna pumzi tena, nikadondosha siki. Imelia. Mke wangu naye ameisikia, kwa hiyo si masikio yangu tu. Udongo wa kule kwenye viazi haukulia kabisa.

Jiwe nimelikwaruza. Unga wa ule utando mweupe umechemka vizuri. Unga wa jiwe lenyewe, ndani, umekaa kimya.

Mama Lusern #11, kangaga imejaa ukingoni kote lakini kwenye kipande chenyewe haimo. Sikuwahi kulifikiria hilo.

#13 Mwalimu wa Jiografia
Basi nimepata ushahidi wangu. Utando una chokaa, jiwe halina. Chokaa imekuja kutoka nje ya jiwe.

#14 Mzee wa Muhokya
Au jiwe lilikuwa nayo, maji yakaitoa ndani na kuipaka nje. Jiwe lililochoka usitegemee lijibu. Avunje la chini zaidi, bichi.

#15 Mama Lusern
Nyote mnaangalia jiolojia, hakuna aliyeuliza nani alikaa hapo. Juu ya vilima vyetu watu wa zamani walijenga. Palipokuwa na nyumba pana jalala, na jalalani kuna majivu ya kuni ya miaka mingi. Majivu yana kalisi nyingi, madini yanayounda chokaa, yakikaa yanavuta hewa ya kaboni yanakuwa chokaa ile ile, na ukiyamwagia siki yanachemka. Jaribu majivu ya jikoni kwako leo utaona. Udongo wa kijivu, kipande kimoja tu, hakifanani na jirani zake: hilo ni boma la mtu.

#16 Afande Mstaafu
#15 umenigusa. Lakini na mimi niongeze. Kuna barabara imepita karibu na hapo? Wajenzi wa barabara wanachanganya murram na chokaa au saruji ili ishike. Lori likimwaga mabaki juu ya kilima, miaka kumi baadaye mnaita wanajiolojia.

#17 Mkiga wa Juu
Afande, barabara ya karibu ni njia ya mbuzi na wagonjwa wa machela. Lori halijawahi kufika.

Kuhusu boma, wazee wanasema kilele kilikuwa malisho. Mmoja tu anasema babu yake alihamia kutoka huko. Vigae vya vyungu sijaviona, ila sijavitafuta.

#18 Kijana wa Kisoro
Mimi nasema ni majivu pia, lakini ya volkano. Muhabura, Mgahinga na Sabinyo ziko hapo tu. Volkano zikitema, upepo unabeba. Udongo wetu Kisoro ni mweusi na una rutuba kwa sababu hiyo.

#19 Mutooro wa Mjini
#18 rutuba ndiyo, chokaa ni habari nyingine. Majivu ya Muhabura si ya chokaa. Mkitaka majivu ya chokaa njooni Fort Portal. Sisi tuna volkano ndogo ndogo zilizotema lava na majivu ya kabonatiti, yaani chokaa iliyotoka chini ikiwa moto. Duniani mahali pa namna hiyo ni pachache. Na Tororo ya Binti #3 ni mwamba wa aina hiyo hiyo, ila wenyewe ulipoa chini ya ardhi na baadaye ukafunuliwa.

Upepo wa Fort Portal kuleta chokaa Rubanda na kuiweka kwenye kipande kimoja cha bwana mmoja… upepo huo ungekuwa na upendeleo.

#20 Binti Tororo
#19 asante kwa kunifundisha kwetu 😄 Lakini ni kweli, Tororo na vilima vya Sukulu ni kabonatiti. Sukulu ndiko kwenye fosfeti.

#21 Mkulima wa Isingiro
Hamjataja mchwa. Kwetu kichuguu kikubwa kikisambaratika, mahali pake panakuwa na udongo tofauti miaka mingi. Mchwa wanapandisha udongo na maji ya chini, maji yanakauka, chokaa inabaki ndani ya kichuguu hata kama shamba lote ni la uchungu. Watafiti wa udongo wa Afrika Mashariki waliliandika hilo tangu enzi za mkoloni. Ng'ombe wenyewe wanajua, wanalamba.

#22 Mkiga wa Juu
Huku juu ni baridi. Vichuguu vikubwa vya mchwa sivijui, naviona nikishuka kuelekea Ntungamo.

#23 Mkulima wa Isingiro
Leo ni baridi. Miaka mia tano iliyopita ulikuwepo?

#24 Dereva wa Malaba
Kesi imepata shahidi asiyepatikana 😂😂

#25 Msafiri wa Colorado
Salaam kutoka mbali. Mimi ni wa Arua lakini naendesha lori Marekani, kati ya Grand Junction na Utah. Huku udongo anaoueleza #1 ni jambo la kila siku, nimeona niwape picha yake.

Kuna mwamba wa tope wa kijivu unaitwa Mancos, umetanda maelfu ya kilomita za mraba. Lilikuwa tope la chini ya bahari, miaka kama milioni 90 iliyopita, na wanyama wenye magamba walipokufa chokaa yao ikabaki humo. Vilima vyake vimechongoka, juu kuna vipande bapa vya mawe, chini kidogo tu unakutana na mwamba laini uliooza. Mimea ni michache, mireteni na vichaka vilivyokauka. Mvua ya Grand Junction haifiki hata milimita 300 kwa mwaka, kwa hiyo hakuna cha kuosha chokaa. Ikinyesha, maji hayazami, yanateremka na tope. Njia za vumbi zikilowa huko, gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Watu hawalimi kwenye miteremko hiyo. Wanachunga. Mashamba yako bondeni kwenye maji ya mifereji.

Na kitu kimoja: weupe wa huku si chokaa yote. Kuna chumvi, na kuna jasi. Jasi haitoi povu. Chumvi utaijua kwa ulimi.

#26 Dereva wa Malaba
#1 lamba jiwe utupe majibu.

#27 Fundi wa Maabara Mstaafu
#25 umenikumbusha swali muhimu. Mkiga, huo utando uko juu ya jiwe, chini yake, au pande zote? Kwenye nchi kavu maji yanashuka na chokaa iliyoyeyuka, yanakwama chini ya jiwe, yanakauka hapo, na utando unajijenga upande wa chini. Ukiukuta upande wa chini tu, mawe hayajageuzwa siku nyingi na chokaa imesafiri ndani ya udongo wenyewe. Ukiukuta ovyo pande zote, mtu au mvua imeyapindua.

#28 Mkiga wa Juu
Upande wa chini. Yale makubwa ambayo sijawahi kuyagusa, ni chini tu. Madogo ya shambani, pande zote.

#29 Mzee wa Muhokya
Haya! Chokaa ya asili ya mahali.

#30 Mama Lusern
Mzee wangu, majivu nayo mvua inayayeyusha na kuyashusha chini ya mawe. Bado sijahama bomani kwangu.

#31 Mwalimu wa Jiografia
Na kuna chemchemi. Kwetu ardhi ina nyufa nyingi, maji ya chini yakitoka mahali yakiwa na kalisi yanaitua yakikutana na hewa. Mkiga, birika la nyumbani linaweka ukoko mweupe ndani?

#32 Mkiga wa Juu
Tunachemsha maji ya mvua ya tangi. Birika safi. Chemchemi tunayo chini bondeni lakini kipande kiko juu yake mbali.

#33 Mwalimu wa Jiografia
Chota lita moja ya chemchemi, chemsha mpaka yakaribie kuisha, tuambie.

Niongeze kidogo kwa vijana. Mwaka 1935 mtafiti wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani, Tanganyika, alitoa wazo la katena: kwamba udongo wa kilima usiutazame kipande kimoja kimoja, ni mnyororo kutoka kilele mpaka bondeni, maji yakiwa ndiyo yanayouunganisha. Sehemu ya mifano yake ni vilima vya Buganda: juu murram, mgongoni udongo mwekundu, bondeni udongo wa kinamasi. Kinachotoka juu kinaonekana chini. Kwa hiyo kama kipande cha juu kina chokaa, udongo ulio chini yake moja kwa moja lazima uonyeshe angalau dalili. #1 amesema wa kwenye viazi ulikaa kimya. Hilo linanisumbua.

#34 Kijana wa Kisoro
Mwalimu, tutoe madaftari?

#35 Mzee wa Muhokya
Viazi viko chini yake moja kwa moja au pembeni? Maji yanashuka kwa njia yake.

#36 Mkiga wa Juu
Pembeni kidogo, kuna korongo dogo katikati.

#37 Mkulima wa Isingiro
😅 Mwalimu arudi ubaoni.

#38 Nnalongo wa Kabale
Mabwana, mmebishana kuhusu chokaa mpaka maharage yameoza. #1 aliuliza pia alime nini. Majani ya manjano ni yapi, machanga ya juu au makuukuu ya chini? Mishipa imebaki kijani?

#39 Mkiga wa Juu
Machanga ya juu. Mishipa ya kijani, katikati manjano kabisa, mengine karibu meupe.

#40 Nnalongo wa Kabale
Basi hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Yanayoanzia chini ni njaa ya naitrojeni. Ajabu yake ni kwamba chuma kimejaa udongoni, Muko nzima ni chuma, lakini kwenye udongo wa chokaa kinafungwa, mzizi haukipati. Zinki nayo hivyo hivyo. Na fosforasi ya mbolea unayonunua kwa pesa yako inashikana na kalisi inakaa tu.

Usimwage chokaa hapo, na majivu ya jikoni peleka kwingine. Weka samadi iliyooza vizuri, nyingi, kila msimu. Samadi inapooza inasaidia kukifungua chuma kidogo kidogo. Ukitaka haraka kuna dawa ya chuma ya kupuliza majani, lakini utapuliza mpaka uchoke.

#41 Mama Lusern
Na usipeleke viazi huko! Ukurutu wa viazi unapenda udongo usio na uchungu. Chini ya pH 5.2 (kipimo cha uchungu, namba ikishuka uchungu unazidi) unapungua sana, ukipanda juu ya hapo viazi vinatoka na magamba, sokoni wanakukatia bei. Jina langu mnalijua: panda lusern, majani ya malisho. Inapenda chokaa, mizizi yake inaingia kwenye nyufa za mwamba, mbuzi wanaipenda. Kabichi nayo itavumilia.

#42 Afande Mstaafu
Nnalongo, na ule ugonjwa wa kuoza mizizi? Huku kusini magharibi unaua maharage kila mwaka, nayo yanakuwa manjano.

#43 Nnalongo wa Kabale
Kweli Afande. Ang'oe mche mmoja. Mizizi ikiwa ya kahawia na inavuliwa ganda kama soksi, ni kuoza. Ikiwa myeupe na migumu, ni njaa ya chuma.

#44 Mkiga wa Juu
Nimeng'oa. Mingine hivi, mingine vile 🤦

#45 Dereva wa Malaba
Shamba lako linajibu kama mwanasiasa.

#46 Mjukuu wa Bunyonyi
Mimi ninaondoa mawe yote kwangu. Shamba la mawe si shamba.

#47 Nnalongo wa Kabale
#46 usithubutu kuyaondoa yote. Mawe bapa yaliyolala juu yanapokea tone la mvua badala ya udongo, na chini yake unyevu unakaa siku kadhaa baada ya jua kuanza. Ondoa yanayozuia jembe, yapange kwenye ukingo wa tuta. Bibi zetu walipanga hivyo, na baadaye mkoloni akaja na matuta yake. Miaka ya 1940 afisa kilimo wa Kigezi, Purseglove, alisimamia matuta na pia kuhamisha watu kwenda maeneo yenye nafasi, kuanzia 1946. Tatizo la udongo kidogo na watu wengi halijaanza na sisi.

#48 Msafiri wa Colorado
Naunga mkono. Udongo wa namna hii robo au theluthi au zaidi ni mawe. Ukiyatoa unabaki na kilichobaki, ambacho ni kidogo. Maji unayoweza kuhifadhi kwenye kina cha sentimita 40 chenye mawe hayamalizi wiki mbili za jua.

#49 Afande Mstaafu
Linaloniogopesha mimi ni mlima kushuka. Mmesahau Bududa 2011?

#50 Binti Tororo
Afande ni 2010. Tarehe 1 Machi, Nametsi. Kwetu haisahauliki.

#51 Mwalimu wa Jiografia
Na si kitu kimoja. Elgon, mlima wa Bududa, ni volkano ya zamani, udongo wake ni wa kina kirefu na mfinyanzi mwingi, ukijaa maji unaondoka mzima mzima. Kwa Mkiga udongo ni ukanda mwembamba juu ya mwamba. Hapo wa kuangalia ni matabaka yamelalia upande gani. Yakiinama kuingia mlimani, ana nafuu. Yakiinama sambamba na mteremko, kuelekea bondeni, maji yakiingia kati yake tabaka moja linateleza juu ya jingine. Aende kwenye korongo lake atazame ukutani.

#52 Mutooro wa Mjini
Ufaransa, kwenye Alps upande wa Digne, wana vilima vyeusi vya tope lenye chokaa vilivyokuwa vinaporomoka kila mvua mpaka mito ikajaa. Kuanzia miaka ya 1860 serikali yao ikaanza kupanda miti, misonobari myeusi ya Austria, na vijizuizi kwenye makorongo. Miti ile ipo mpaka leo.

#53 Mjukuu wa Bunyonyi
Sisi tukipanda mikaratusi tunaambiwa inakunywa maji.

#54 Nnalongo wa Kabale
Inakunywa kweli. Na kwenye chokaa nyingi mikaratusi mingi inageuka manjano kama maharage yake.

#55 Kijana wa Sheria
Turudi kwa dalali. Katiba ya 1995 ibara ya 237 inasema ardhi ni ya wananchi. Ibara ya 244 inasema madini yako mikononi mwa serikali, ila udongo wa mfinyanzi, murram, mchanga na mawe ya kawaida ya kujengea hayahesabiwi madini. Chokaa ya kiwanda cha saruji ni biashara ya leseni, na tangu sheria mpya ya madini ya 2022 mambo yamekazwa. Mnunuzi wa kweli anakuja na leseni ya utafutaji, anapita ofisi ya wilaya, anachimba mashimo ya majaribio, anachukua sampuli. Haji na kichupa peke yake Jumapili.

#56 Mzee wa Muhokya
Na saruji haitengenezwi kwa utando wa chini ya mawe. Kiwanda kinataka mwamba wa chokaa wa unene wa mita nyingi, karibu na barabara ya lori. Wewe una njia ya mbuzi.

#57 Mkiga wa Juu
Dalali amepiga simu tena. Amepandisha bei. Nimemwambia aje na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na karatasi. Amesema mtandao unakatika.

#58 Dereva wa Malaba
😂😂😂

#59 Fundi wa Maabara Mstaafu
Ila kupandisha bei kunanipa wasiwasi. Mkiga, chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kadhaa za hicho kipande, changanya kwenye ndoo ya plastiki, si ya chuma, chukua nusu kilo. Fanya hivyo hivyo kwa wa viazi, mifuko miwili tofauti. Peleka maabara ya udongo Kawanda au Makerere, au anzia kituo cha utafiti wa kilimo Kachwekano hapo jirani wakuelekeze. Uliza pH na kiasi cha chokaa. Ukipata pH 8 tunaongea lugha nyingine. Na jiwe bichi la chini aliloomba Mzee #14 liambatanishe.

#60 Mkiga wa Juu
Sawa. Jiwe nimelifuata korongoni, la chini kabisa, gumu, nyundo ilitoa cheche. Nimelisaga kidogo. Siki ya moto. Nasikia kitu, mke wangu anasema hasikii.

#61 Mzee wa Muhokya
Wewe una masikio mazuri.

#62 Mama Lusern
Mke ndiye aliyesikia vizuri. Na vigae vya vyungu umetafuta?

#63 Mkiga wa Juu
Kimoja. Kidogo. Kinaweza kuwa cha mchungaji aliyevunja chungu cha uji.

#64 Mwalimu wa Jiografia
Na maji ya chemchemi?

#65 Mkiga wa Juu
Mwalimu, kuni zimelowa. Nitachemsha.

#66 Mlima Chai
Samahani naingia kwa kuchelewa. Mimi nina chai Kanungu, udongo wangu ni mchungu sana, vipimo vilitoka 4.8. Je, naweza kumwomba Mkiga magunia machache ya huo udongo nirekebishe?

#67 Nnalongo wa Kabale
#66 usiguse! Chai inataka 4.5 mpaka 5.5. Uko pale pale inapotaka. Ukiipelekea chokaa ndiyo utaona manjano.

#68 Dereva wa Malaba
Na mimi nilishaanza kupiga hesabu ya mafuta mpaka Kanungu.